Kovu la upasuaji wa kukaza tumbo: nini kitakukuta, mwezi kwa mwezi

Upasuaji wa kukaza tumbo huondoa ngozi iliyolegea na huacha kovu la kudumu. Mambo hayo mawili huja pamoja. Awe daktari wa Mombasa, wa Nairobi au wa ng'ambo, hana namna ya kukata ngozi ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga kisha mwili usibaki na alama. Akikuahidi vingine, tafuta daktari mwingine.

Nimefunga vidonda vya kina mama hapa Malindi kwa miaka mingi, na wanaonitia huruma zaidi si wale wa wiki ya kwanza. Hao wana watu: dada yupo, shangazi amekuja kutoka Watamu, uji uko mezani. Wanaonitia huruma ni wale wanaokuja mwezi wa tatu. Kidonda kimefunga vizuri kabisa, ila mtu analia kwa kuwa kovu limekuwa jeusi, gumu, limeinuka na linamwasha usiku kucha. Hakuna aliyemwambia kwamba miezi hiyo ndiyo yenye sura mbaya kuliko yote. Kwa hofu amepaka kila alichosikia: liwa, manjano, ndimu, mpaka mkorogo wa sokoni, na sasa ana kovu na ngozi iliyoungua juu yake. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yako ambaye bado unawaza.

Hatua ya 1: Jua kovu litakaa wapi kabla hujakubali

Katika upasuaji kamili, mkato hupita chini ya tumbo, juu kidogo ya kinena, kutoka nyonga moja hadi nyingine. Kitovu nacho hukatwa kuzunguka, kikaachwa kwenye shina lake, kisha kikatolewa kupitia tundu jipya baada ya ngozi ya juu kuvutwa chini. Kwa hiyo utakuwa na makovu mawili: lile refu la chini na duara dogo la kitovu. Urefu wa lile la chini hutegemea ngozi inayoondolewa. Ukitaka kovu fupi wakati ngozi iliyolegea ni nyingi, pembeni patabaki vinundu vya ngozi vilivyotuna kila upande.

Mwenye ngozi kidogo tu chini ya kitovu anaweza kufanyiwa upasuaji mdogo, wenye mkato mfupi na kitovu kisichoguswa. Aliyepungua uzito mwingi sana, ngozi ikawa imelegea hata upande kwa upande, huenda akahitaji mkato wa pili unaosimama katikati ya tumbo kutoka juu hadi chini. Hilo la kusimama halifichwi na nguo ya ndani. Lifikirie kwa muda wa kutosha.

Kama ulijifungua kwa upasuaji na una kovu la kulala juu ya kinena, mara nyingi huondoka pamoja na ngozi inayokatwa, kwa kuwa mkato mpya hupita hapo hapo au chini yake. Michirizi ya uzazi iliyo chini ya kitovu huondoka pia. Ile ya juu hubaki, ila hushuka. Kovu la zamani lililo juu ya tumbo, kama la upasuaji wa nyongo chini ya mbavu za kulia, ni habari nyingine: linaweza kuwa limekata mishipa inayolisha ngozi itakayovutwa chini. Daktari lazima alione na aliguse kabla hajapanga chochote.

Nenda kwenye miadi na nguo ya ndani unayoivaa siku zote. Mwombe daktari akuchoree mstari kwa kalamu ukiwa umesimama, kisha uketi, kisha usimame tena. Jitazame kwenye kioo. Ukiona mstari uko juu ya ukingo wa nguo, sema wakati huo huo. Akiwa na haraka ya kukuchorea mstari, atakuwa na haraka zaidi ya kukusikiliza kovu likileta shida.

Hatua ya 2: Isome ngozi yako

Sisi weusi tuna mambo mawili ya kuangalia zaidi ya watu weupe: ngozi yetu huweka weusi pale ilipojeruhiwa, na huota keloidi kwa urahisi zaidi. Keloidi ni kovu linaloendelea kukua hata baada ya kidonda kupona.

Kwa hiyo jichunguze. Tazama masikio ulikotobolewa, alama ya chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto, pale ulipoungua mafuta ya kukaangia mahamri, kovu la uzazi kama unalo. Je, yamelala bapa au yametuna na kupita mipaka yake? Muulize mama na ndugu zako wa kike pia, kwa sababu keloidi hufuata damu. Hupenda zaidi masikio, kifua, mabega na taya kuliko tumbo la chini, kwa hiyo mwenye keloidi ya sikio anaweza kupona tumbo vizuri. Lakini daktari aliyeambiwa mapema hupanga matibabu ya kovu tangu mwanzo, hangoji liote kwanza.

Hapo hapo mwambie kila kitu unachovuta na unachotafuna. Sigara na shisha hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyovutwa chini ya tumbo huishi kwa damu inayotoka mbali. Ikikosa, ngozi hufa katikati ya mshono na kidonda huachama. Acha kabisa angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Miraa na muguka hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na aliye karibu kupewa dawa ya usingizi hapaswi kuvificha. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona, na uzito unaopanda na kushuka huharibu kazi yote, kwa hiyo utulie mahali pamoja kwa miezi 6 hivi. Kama bado unatarajia kuzaa, ngoja. Mimba itairefusha ngozi upya pamoja na misuli ya tumbo iliyoshonwa wakati wa upasuaji.

Angalia pia kama jina la daktari limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Orodha hiyo iko wazi kwenye intaneti, na kuitazama ni bure.

Hatua ya 3: Chagua msimu, na mahali pa kulala

Baada ya upasuaji utavaa mkanda wa kubana tumbo mchana na usiku, mara nyingi kwa wiki 6. Kuuvaa Januari hadi Machi, kaskazi ikiwa imekolea na Malindi pamekuwa tanuri, ni mateso: jasho hukusanyika chini ya mkanda, vipele hutoka, mshono hulowa. Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma, ni nafuu kubwa. Usipange karibu na Ramadhani. Mwili unaojenga ngozi mpya unataka maji na chakula cha mchana, hata kama moyo unataka kufunga.

Kwa watu wa Lamu swali la safari ni zito zaidi. Ukipasuliwa Mombasa, njia ya kurudi ni basi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti. Kukaa muda mrefu umekunja miguu siku za mwanzo huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kushuka kutoka gatini hadi kwenye mashua huvuta tumbo kwa namna ambayo mshono mchanga haupendi. Kaa karibu na daktari mpaka mipira myembamba iliyowekwa tumboni ya kutolea majimaji iondolewe, kwa kawaida wiki 1 hadi 2. Kama kwenu ni Faza au Siyu, omba kukaa kwa ndugu walio Amu, yaani mji wa Lamu, au Mokowe siku nyingine kadhaa. Homa ikikupanda usiku, usiwe unahesabu boti.

Wanaokwenda ng'ambo kwa bei ya kifurushi wapime hilo hilo kwa mizani kubwa zaidi. Kovu hutunzwa mwaka mzima, na aliyekushona atakuwa mbali.

Hatua ya 4: Wiki 2 za mwanzo

Utatembea umeinama. Ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa ngozi imevutwa na misuli imeshonwa. Lala chali, mito chini ya magoti na mgongoni. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kumbatia mto tumboni. Ukiswali, swali ukiwa umeketi kwenye kiti. Tembea chumbani kila baada ya saa chache ili damu isilale miguuni.

Mshono utauona mwembamba, mweusi kidogo, pengine na vikunjo kama nguo iliyoshonwa ikavutwa uzi. Vikunjo hivyo vingi hulainika vyenyewe. Weka mshono mkavu, badilisha bendeji kama ulivyoagizwa, na kitovu ukifute kwa upole bila kutia poda.

Sasa jambo ambalo huku kwetu ndilo la kwanza. Ngozi kati ya kitovu na mshono itakuwa haina hisia, kwa sababu vijishipa vya fahamu vimekatwa. Ganzi hiyo hukaa miezi, na sehemu ndogo huenda isirudi kabisa. Mila yetu ya mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, ni kukandwa kwa maji moto, kufungwa mkaja na kujifukiza. Mwili uliopasuliwa tumbo unafanana machoni pa mama na mwili wa mzazi, na yeye kwa mapenzi yake ataweka birika jikoni. Maji ya moto ambayo yeye anayahisi kwa mkono wake, wewe tumboni hutayahisi hata yakikubabua. Chetezo cha mkaa chini ya kanga ni hivyo hivyo, na chupa ya maji moto ndiyo mbaya zaidi. Kuungua juu ya ngozi yenye damu haba kunaweza kuacha kovu baya kuliko lile la kisu.

Huna haja ya kubishana naye. Mwambie: "Mama, daktari amekataza moto tumboni mpaka hisia zirudi. Nikande mabega." Atapata la kufanya, na wewe utapata raha. Mkaja nao uache kabatini. Ukikazwa kwa nguvu za mikono miwili juu ya ngozi hii unaweza kuinyima damu. Vaa mkanda uliopimwa na hospitali.

Kuna jambo moja la mila ambalo ninalitaka ulichukue lote zima, nalo ni arobaini. Waambie watu wa nyumbani kwamba unakaa arobaini. Hakuna atakayekuuliza kwa nini hubebi ndoo. Siku 40 zinakaribiana sana na wiki 6 ambazo daktari anazitaka, na kila mtu wa mwambao anajua jinsi ya kumtunza mwanamke aliye ndani ya arobaini.

Dalili za hatari zijue kwa rangi yetu. Vijitabu husema "wekundu unaoenea", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tumia mgongo wa mkono: je, pembeni mwa mshono pana joto kuliko pengine? Pamevimba, pamekuwa na weusi unaong'aa au rangi ya zambarau? Maumivu yanazidi badala ya kupungua? Kuna usaha, harufu, au homa ya nyuzi 38 na zaidi? Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tumbo likiwa kama lina maji yanayocheza ndani baada ya mipira kutolewa, huenda ni majimaji yaliyokusanyika, na daktari huyavuta kwa sindano. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au ukikosa pumzi, au kifua kikachoma, usimpigie mtu kuomba ushauri wala usikubali kukandwa huo mguu. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, iwe ya Malindi au King Fahd pale Lamu, saa hiyo hiyo.

Katikati ya mshono, juu ya kinena, ndipo panapovutwa zaidi na kufikiwa na damu kidogo. Papo hapo ndipo kidonda hupenda kuachama kidogo, upana wa ukucha hivi. Inatisha, lakini kidonda kidogo cha namna hiyo hufungwa kwa bendeji na hupona polepole kutoka ndani. Kionyeshe tu, usikifiche.

Hatua ya 5: Wiki ya 3 hadi ya 6, mshono umefunga lakini hauna nguvu

Huu ndio wakati wanawake wanaojisikia wazima hujiharibia. Mshono wa wiki ya 3 una karibu robo tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Ndani, mwili umemwaga ovyo nyuzi mpya za kolajeni, protini inayoipa ngozi nguvu, kama makuti yaliyoshushwa chini kwa haraka, na fundi bado hajaanza kuyapanga. Ukiuvuta mshono sasa, kovu hupanuka, na likishapanuka halirudi.

Kwa hiyo dumu la maji la lita 20 si lako, wala mtoto anayetaka kubebwa. Keti chini, umwite apande mapajani. Kupiga deki kwa kuinama hapana. Kukuna nazi hapana pia: ukiikalia mbuzi, umeinama, unakandamiza kifuu, tumbo lote linafanya kazi. Bodaboda kwenye njia za mashimo ziache, panda tuktuk na umwombe dereva aende taratibu. Baharini usiingie. Nawasikia wanaosema chumvi inaponya vidonda, lakini maji ya ufuoni yana vijidudu vya kila aina, na mshono wenye tundu dogo huvikaribisha ndani.

Chakula sasa kina kazi. Kuna wanaokatazwa samaki na mayai ati vitafanya kidonda kiwashe. Kama huna mzio navyo, kula. Samaki, mayai, kunde, maharagwe na maziwa ndivyo vinavyojenga ngozi. Mapapai, machungwa na mboga ziongezee hapo.

Mshono ukishafunga kabisa, hakuna gaga wala unyevu, kwa kawaida wiki ya 3 hivi, anza silikoni. Katika dawa zote za kupaka, silikoni ndiyo ninayoiamini. Iko ya jeli na iko ya plasta laini. Inataka kukaa saa 12 kwa siku au zaidi, kwa miezi 3 angalau. Kwa joto letu naipendelea jeli, inapakwa nyembamba na kuachwa ikauke. Plasta hukusanya jasho. Ukiitumia, ivue kila siku, ioshe, ukaushe ngozi kwanza. Kama bei imekushinda, plasta ya karatasi ya kawaida ya kwenye kemisti, ikibandikwa kwa urefu juu ya mshono na kubadilishwa kila baada ya siku chache, hupunguza mvuto wa ngozi na inasaidia kweli. Ni bora plasta ya karatasi iliyotumiwa kila siku kuliko jeli ya ghali iliyosahauliwa mezani.

Daktari akikuruhusu, karibu na wiki ya 6, anza kulisugua kovu. Tia mafuta kidogo yasiyo na manukato, bonyeza kwa vidole viwili mpaka kucha zibadilike rangi kidogo, zungusha, kisha lisukume juu na chini. Dakika 5, mara 2 kwa siku. Lengo ni kovu lisigandamane na nyama ya chini.

Hatua ya 6: Mwezi wa 2 hadi wa 6, miezi yenye sura mbaya

Hapa ndipo nataka usome polepole. Kati ya mwezi wa 2 na wa 6 kovu la kawaida, linalopona vizuri, huwa jeusi au la zambarau, huwa gumu kama kamba chini ya kidole, huinuka, na huwasha. Mwili uko katikati ya kazi: unajenga, unabomoa, unajenga tena. Kazi hiyo huchukua miezi 12 hadi 18. Ukilihukumu kovu mwezi wa 3, utalihukumu bure.

Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pale pale, dirisha lile lile, saa ile ile. Macho ya kila siku hayaoni mabadiliko, picha huyaona. Tia rula pembeni upime upana. Picha hizo zina kazi ya pili: ndizo zitakazokuambia kama kovu limetoka njiani.

Kuna makovu ya aina mbili yanayotuna kupita kiasi, na tofauti yake inafaa uijue kwa sababu tiba hazilingani. La kwanza hutuna na kuwa nene, lakini halitoki nje ya mstari wa mshono. Huanza mapema, ndani ya wiki au miezi michache ya mwanzo, kisha mara nyingi hulegea lenyewe kadiri muda unavyopita. Silikoni na subira huwatosha wengi. La pili ni keloidi yenyewe. Huvuka mstari na kuingia kwenye ngozi nzima ambayo kisu hakikuigusa. Inaweza kuanza kwa kuchelewa, hata miezi mingi baada ya kidonda kupona, na haipungui yenyewe. Mwezi huu picha inaonyesha mstari wa upana wa kidole kidogo, mwezi ujao nundu imetoka pembeni, inauma ukiigusa, inawasha: usingoje mwaka uishe. Keloidi changa ni rahisi kutibu kuliko iliyokomaa.

Tiba ya mwanzo kwa kawaida ni sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, iitwayo triamsinoloni, inayochomwa ndani ya kovu kila baada ya wiki 4 hadi 6. Inauma, na hutaka awamu kadhaa. Huweza kuifanya ngozi ya pembeni iwe nyeupe au nyembamba kwa miezi, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari, basi mwambie daktari. Wengine huongezewa tiba ya baridi kali. Kitu cha kukwepa ni mtu atakayekuambia "tuikate tu". Keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine ya kuifuata hurudi mara nyingi sana, na hurudi kubwa zaidi. Inapokatwa na wanaojua, hufuatiwa na sindano au mionzi.

Mwasho wa kawaida uutulize kwa kitambaa cha baridi na mafuta yasiyo na harufu. Usikune, kwa maana kila mkuno ni jeraha jipya, na ngozi yetu hujibu jeraha kwa weusi. Vaa chupi ya pamba yenye kiuno cha juu ili lastiki isipite juu ya kovu, na dera pana juu yake.

Kuhusu vya kupaka vya nyumbani, maoni yangu ni haya. Mafuta ya nazi safi, kwa ajili ya kulainisha tu wakati wa kusugua, sina ugomvi nayo. Ndimu huunguza ngozi, na ikipigwa na jua huacha madoa. Manjano na singo ni vya ngozi nzima ya bi harusi. Kwenye kovu changa hukwaruza. Mafuta ya habasoda na ya vitamini E yamewatoa vipele watu wengi niliowaona, na vitamini E haijathibitika kupunguza kovu. Mkorogo usiuguse kabisa. Ndani yake mara nyingi mna steroidi kali, haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi) au zebaki, bila kipimo wala jina. Huchubua ngozi na kuifanya nyembamba, na juu ya mshono unaovutwa, ngozi nyembamba hupasuka. Kama weusi unakukera baada ya mwezi wa 6, muone daktari wa ngozi akupe dawa yenye kipimo.

Na kama mumeo hajui, au anajua na anatazama pembeni, zungumza naye mapema katika miezi hii, kabla hofu haijawa kubwa. Mwonyeshe picha za mwezi wa kwanza na wa tatu. Wanaume wengi huogopa kwamba kugusa kutakuumiza, na wewe unadhani amechukizwa. Tendo la ndoa lenyewe hungojwa wiki 4 hadi 6, kwa ruhusa ya daktari.

Hatua ya 7: Kuanzia mwezi wa 6

Polepole kovu hulegea, hulala, hupoa rangi. Kwa ngozi nyeusi rangi ndiyo ya mwisho kuondoka, na mara nyingi hubaki mstari ulio mweusi zaidi au mweupe kidogo kuliko ngozi ya pembeni. Kwenye ngozi nyingi hilo ndilo kovu zuri: mstari mwembamba, bapa, uliojificha ndani ya nguo. Jua lisiligonge kwa mwaka wa kwanza. Sisi tunaojisitiri hatuna tabu sana na hilo, ila ukiogelea, paka losheni ya kukinga jua ya kipimo cha SPF 30 au zaidi, au vaa nguo inayofunika.

Kitovu kitazame pia. Wengine hubanwa na kovu la duara mpaka tundu linakuwa dogo, uchafu na unyevu ukakwama ndani. Likianza kuwa hivyo, lionyeshe mapema.

Mshono uliokaa upande mmoja juu kuliko mwingine, vinundu vya pembeni vilivyogoma kushuka, kovu lililopanuka: hayo hurekebishwa, ila baada ya miezi 12 hivi, kovu likiwa limetulia. Vinundu vya pembeni mara nyingi hutolewa kwa dawa ya ganzi tu, unarudi nyumbani siku hiyo. Madaktari wengine huliweka rekebisho hilo ndani ya malipo ya kwanza, wengine hutoza upya, na bima nyingi hazigharamii upasuaji wa urembo. Uliza siku ile ile anapokuchorea mstari kwa kalamu, na jibu liandikwe kwenye karatasi ya makubaliano kabla hujatia sahihi.